Mfereji wa Olen na mawe ya Shinkolobwe

Kule Ubelgiji kuna desturi moja nzuri. Siku ya Mungu watu wanakutana, wanafuata mtu mwenye kujua historia, wanatembea kwa miguu kando ya mfereji wa zamani, naye anawaelezea. Sisi wachache, wenye kutoka Likasi na Lubumbashi, tulifanya vile kule Olen, katika eneo la Kempen.

Mfereji ule unaunga Bocholt na Herentals. Walianza kuuchimba 1843, zamani kabla Leopold II hajajitwalia Congo. Kempen ilikuwa nchi ya muchanga, haizai vizuri. Walitaka maji ya mto Maas yanyweshe mashamba, tena yabebe mashua za mizigo. Kiongozi alitueleza milango ya maji: mashua inafungiwa kati ya milango miwili, maji yanapanda ao yanashuka, kisha inaendelea.

Tukafika karibu na kiwanda. Akasema hapa walianza kutoa radiumu 1922. Congo aliitaja mara moja tu, akarudia habari ya mashua. Sisi tukasimama. Radiumu ile ilitoka mu mawe ya kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambako Mwingereza Robert Sharp alikuta urani 1915. Wazee wetu njo walichimba mawe yale. Yakapanda treni, yakapanda meli, yakafika Antwerp. Kupata gramu 1 tu ya radiumu kulihitaji mawe yenye urani tani 3 hivi. Hospitali za Ulaya zikaitumia kutibu kansa. Kwa miaka kumi hivi Ubelgiji iliuzia dunia karibu peke yake, mpaka Canada ilipoingia sokoni miaka ya 1930. Kisha vita ikaja, na bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilitoka kwa sehemu kubwa katika urani ya Shinkolobwe.

Kule Olen kazi ile iliacha radiumu mu udongo. Lakini wamepima, wameandika, na sehemu wameifunika na kuilinda. Na kwetu? Mu 2004, hata serikali ilipokuwa imekwisha kukataza, watu walikuwa wakichimba kobalti pale kwa mikono. Mwezi wa 7 shimo likaanguka, likaua watu.

Kwetu, ukitaja mtu, unataja kwanza fasi anapotoka. Mfereji wa Olen unasimuliwa bila fasi hiyo, na kosa si la kiongozi peke yake. Sisi wenyewe hatujaandika.

Njo maana tunaomba: tufanye matembezi yetu, kuanzia gare ya Likasi, bila kuingia Shinkolobwe kwenyewe, maana mawe yale yangali na hatari. Tuwaite watoto wa wachimbaji waseme yale walisikia kwa baba zao, na vijana waandike. Wenye kukumbuka wanapungua kila mwaka. Mfereji una maji bado, wao hawatatungoja.