Wakala, Noti na Floti: Chanzo cha Nguvu za M-Pesa nchini Kenya

Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007, haikukusudiwa awali kuwa njia ya kutumiana fedha, kwani majaribio yake ya mwaka 2005, yaliyofanywa pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, yalilenga kuwawezesha wakopaji kulipa marejesho yao kwa simu. Wakopaji hao walipoanza kuitumia kupelekeana fedha wao kwa wao, mpango ukabadilishwa ili kuwalenga wafanyakazi wa mijini wenye jamaa mashambani, ambao hadi hapo waliwategemea makondakta wa mabasi, posta au ndugu anayesafiri.

Sifa nyingi zimeelekezwa kwenye teknolojia yake, pengine kupita kiasi, kwa kuwa teknolojia hiyo ilikuwa menyu fupi ndani ya laini ya simu, na kampuni ya Zain haikukawia kuleta huduma yake ya Zap mwaka 2009. Kilichokuwa kigumu kuigwa ni mtandao wa mawakala, yaani wenye maduka walioidhinishwa kupokea na kutoa fedha taslimu. Wakala alilazimika kuwa na akiba mbili kwa wakati mmoja: noti kwenye droo, na floti, yaani salio la kielektroniki katika simu yake; noti zilipomwishia hakuweza kumhudumia anayetoa, na floti ilipomwishia hakuweza kumhudumia anayeweka. Kila muamala aliuandika daftarini, pamoja na namba ya kitambulisho cha mteja, kiasi na sahihi. Mtaji huo haukuwekwa ila palipo na wateja wengi, nao wateja hawakujisajili ila palipo na wakala karibu, hivyo kila aliyekuja nyuma alikuta pande zote mbili zimekwishachukuliwa.

Mikataba nayo ilisaidia, kwani iliwazuia mawakala kuhudumia kampuni nyingine hadi mwaka 2014, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilipoingilia kati. Lakini sharti hilo lilipoondolewa, wateja wengi hawakuhama.

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Nchini Tanzania, ambako Vodacom ilianzisha M-Pesa mwaka 2008, ikawa kawaida kibanda kimoja kuhudumia kampuni kadhaa, na Tigo Pesa na Airtel Money zikapata nafasi kubwa sokoni. Nchini Afrika Kusini, ambako watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, huduma ya M-Pesa ilifungwa mwaka 2016.