Uthabiti wa Vipimo vya Saikolojia: Asili ya Dhana na Uteuzi wa Jina

Sifa ya kipimo kutoa matokeo yale yale kila kitumikapo huitwa na wafasiri wetu kwa majina mbalimbali: uaminifu, kutegemeka, uthabiti. Hitilafu hii si ndogo. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepimwa akili kwa jaribio "la kuaminika", ataelewa kwamba tokeo lake ni la kweli, na hilo silo alisemalo mpimaji. Mizani inayozidisha robo kilo kila siku ni thabiti kabisa, lakini mnunuzi anapunjwa.

Historia ya dhana yenyewe yatuonyesha njia. Mwaka 1904 Charles Spearman, Mwingereza aliyekuwa afisa wa jeshi kabla ya kugeukia saikolojia, alionyesha kwamba makosa ya upimaji hufifisha uwiano baina ya sifa mbili, akatoa kanuni ya kuurekebisha. Alichokitafuta ni kiasi cha makosa ya bahati nasibu yaliyomo katika alama.

Lakini kumpima mtu si kama kupima ubao. Akiulizwa tena maswali yale yale, hukumbuka, huchoka, au huwa amekwisha jifunza. Mwaka 1910 Spearman na William Brown, kila mmoja kwa makala yake katika jarida la British Journal of Psychology, walitoa kanuni iliyowezesha kuikwepa taabu hiyo. Jaribio hufanywa mara moja tu. Maswali hugawanywa mafungu mawili, mathalani ya namba witiri na ya namba shufwa, kisha alama za mafungu hayo hulinganishwa. Uwiano wa nusu hizo ukiwa 0.60, uthabiti wa jaribio zima hukadiriwa kuwa 0.75, kwani katika jaribio refu makosa madogo madogo hufutana.

Kasoro ilibaki. Maswali 10 yaweza kugawanywa nusu kwa nusu kwa njia 126, na kila mgawanyo waweza kutoa jibu lake. G. F. Kuder na M. W. Richardson waliuondoa utata huo mwaka 1937 kwa majaribio ambayo kila jibu huhesabiwa ama sahihi ama kosa. Mwaka 1951 Lee Cronbach alieneza kanuni ya jumla zaidi, akaiita alfa. Louis Guttman alikwisha kuifikia mwaka 1945, lakini jina lilimwendea Cronbach. Ndivyo zilivyo bahati za istilahi.

Hakuna hata moja ya kanuni hizo inayouliza kama jaribio hupima kile linachodai kupima. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuendelea na uaminifu, ambao ni tabia ya mtu, wala kutegemeka, ambako kwaahidi mno. Twapendekeza uthabiti. Sifa ile ya pili na iitwe uhalali, japokuwa neno hilo lina harufu ya mahakama. Alfa ibaki alfa.