Kutu ya Msuka

Kosa langu la kwanza katika kukusanya panga za Kijapani lilikuwa usafi. Nililelewa nikiamini kwamba chombo chenye kutu ni aibu ya mwenye chombo: jembe husuguliwa, panga la shamba hunolewa, kisu cha jikoni hufutwa kikakauka. Basi nilipoupata upanga wangu wa kwanza, wakati nikiishi Uingereza, nikauona msuka wake umekuwa mweusi kwa kutu, sikumwuliza mtu. Nilichukua msasa.

Lakini kwanza nieleze kilichonifikisha hapo. Baba yangu mkubwa alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944 alipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, malori yakizama topeni. Hakupenda kusimulia habari za waliokufa, ila aliwataja maofisa wa Kijapani na panga zao ndefu, ambazo, kwa maneno yake, hawakuziacha hata walipokuwa hawana tena chakula. Maneno hayo yalinikaa kichwani tangu utotoni. Kwa hiyo siku nilipouona upanga wa namna hiyo umelazwa juu ya meza ya mnada, na muuzaji akaniambia umetoka Burma, fedha zilinitoka mfukoni kabla akili haijanifikia.

Nyumbani nilikisukuma kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, nikauvua mpini, nikaanza kusugua. Nilikuwa nimeng'arisha sehemu ya ukubwa wa kidole gumba mkono uliponichoka, nikaahirisha kazi. Wiki iliyofuata niliupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa amekusanya panga hizi kwa miaka mingi. Nilikwenda kwa majivuno. Aliutazama msuka, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Rafiki yangu, hicho ulichokisugua ndicho cheti chake cha kuzaliwa."

Siku hiyo ndipo nilipoanza kujifunza. Msuka, ambao Wajapani huuita nakago, hausuguliwi wala hautiwi mafuta mengi. Mhunzi huuacha ushike kutu, na kutu ile hukomaa karne kwa karne mpaka iwe nyeusi, imeshikamana na chuma. Mjuzi huisoma. Rangi yake humwambia umri. Mikwaruzo ya tupa iliyoachwa na mhunzi humwambia upanga ni wa ukoo gani wa wahunzi. Matundu ya vijiti humwonyesha kama mpini uliwahi kubadilishwa. Wangu ulikuwa na matundu mawili. Mzee alinieleza kwamba panga nyingi za kale, zilizotengenezwa ndefu kwa wapiganaji wa farasi, zilifupishwa baadaye kwa ajili ya watu wa miguu, nazo hukatwa upande wa msuka. Ndiyo sababu panga nyingi bora hazina jina la aliyezifua: jina lilikatwa pamoja na kipande. Na lile lililobaki nalo si ushahidi kamili, kwani majina ya wahunzi mashuhuri yameghushiwa kwa karne nyingi.

Nilimwuliza, basi nilichonunua ni upanga halisi au si halisi? Akanirudisha kwenye historia.

Japani imepata kuzikusanya panga za watu wake zaidi ya mara moja. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, akitangaza kwamba chuma chake kingetumika katika ujenzi wa sanamu kubwa ya Buddha. Mwaka 1876 serikali ya Meiji iliwakataza watu kutembea na upanga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi na baadhi ya maofisa. Kwa amri hiyo samurai walipoteza alama ya daraja lao, na wahunzi wakapoteza riziki; wengi waligeukia visu vya jikoni na zana za shamba. Kisha jeshi la miaka ya 1930 likataka panga tena, kwa maelfu. Viwanda vilizitengeneza kwa mashine. Upanga wa sajini wa wakati huo una mpini wa madini uliosubuwa katika kalibu, na namba imegongwa juu ya chuma. Ni kumbukumbu ya kweli ya vita, lakini si kazi ya mhunzi. Hata hivyo, wapo maofisa waliochukua upanga wa babu zao wakautia katika ala na mpini wa kijeshi. Ndiyo maana huwezi kuuhukumu kwa vazi lake. Lazima uvuliwe.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, panga zilikusanywa mara nyingine. Nyingine ziliyeyushwa, nyingine zilitoswa baharini, na nyingine zikapanda meli mikobani mwa askari waliokuwa wakirudi kwao. Mtaalamu Homma Junji aliwasihi wakuu wa majeshi ya Marekani, na hatimaye wakakubali kwamba panga zenye thamani ya sanaa zisiharibiwe. Lakini kwa baadhi yake msamaha ulichelewa. Honjo Masamune, upanga uliotangazwa hazina ya taifa mwaka 1939, ulikabidhiwa baada ya vita na hadi leo haujulikani ulipo. Chama cha kuhifadhi panga kilichoundwa mwaka 1948 hukagua panga na kuziandikia vyeti. Na sheria ya Japani ina jambo lililonifikirisha: anayesajiliwa ni upanga. Mmiliki akibadilika, cheti hufuatana na upanga, na mmiliki mpya hutoa taarifa tu.

Nilipoyasikia haya, nilielewa uzito wa kidole gumba changu. Kutu ile ilikuwa imepita salama katika yote hayo, ikaja kukutana na msasa wangu mchana mmoja wa Jumapili.

Mzee aliuelekeza upanga kwenye taa. Chini ya mikwaruzo ya zamani, kando ya makali, ulionekana mstari mweupe unaokwenda kama mawimbi madogo ufukweni. Huo hauchorwi. Feleji ya panga hizi hutokana na mchanga wa chuma unaoyeyushwa kwa makaa katika tanuri la udongo, siku tatu usiku na mchana. Mhunzi huikunja na kuigonga mara nyingi, kisha huupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali na mzito mgongoni, akautia motoni na kuutosa majini. Makali hupoa haraka yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki na unyumbufu. Mstari ule ndio mpaka kati ya viwili hivyo. Wangu, basi, ulikuwa umefuliwa kwa mkono. Kuhusu Burma, hakuna kilichothibitisha hata neno moja. Nilikuwa nimenunua hadithi, nikapewa upanga kwa bahati.

Matunzo aliyonifundisha ni machache. Usiguse chuma kwa vidole, kwa sababu jasho huacha kutu. Uchomoe makali yakitazama juu, usije ukaikata ala kwa ndani, na usizungumze juu yake, maana mate nayo ni maji. Futa mafuta ya zamani kwa kitambaa laini, paka mapya kwa utando mwembamba, urudishe. Ule unga wa jiwe laini ambao watu wengi wamewahi kuuona katika sinema, mgeni auache mpaka afundishwe, kwa kuwa nao hukwaruza. Ukiona doa, usilisugue. Mpelekee mnoaji aliyesomea kazi hiyo. Hata yeye, kila anaponoa, hupunguza chuma, na upanga hauna chuma cha kurudishiwa.

Mafuta yenyewe kwa desturi hutiwa karafuu kidogo. Mara ya kwanza nilipokifungua kichupa, mimi mtu wa pwani, nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekitafuta kitu cha mbali, nikakikuta kinanukia nyumbani.

Miaka imepita, na lile doa nililoling'arisha limeanza kugeuka rangi ya kahawia. Halitakuwa jeusi katika uhai wangu. Sikulificha. Nimeandika karatasi inayoeleza nani alilifanya na kwa nini, nikaikunja na kuiweka pamoja na ala, ili atakayeupokea upanga baada yangu asidhani ni kazi ya karne nyingine. Upanga ule hauna jina la aliyeufua wala majina ya waliouchukua vitani. Una alama yangu mimi, niliyeupenda kabla sijaujua. Kila baada ya miezi michache nauchomoa, nafuta, napaka mafuta, kisha naurudisha. Msuka siugusi.