Akiba ya alkali

Kilima cha Wazo, kule Tegeta, kinachimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji tangu kiwanda kilipoanza uzalishaji mwaka 1966. Mawe hayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Madini hayohayo, yakiwa safi, hutiwa kwenye karatasi ya maboksi ya kutunzia vitabu vya kale vilivyonusurika moto. Maboksi hayo huitwa "yasiyo na asidi", jina linaloeleza nusu tu ya kazi yake.

Kitabu kikiokolewa motoni, uharibifu hauishi. Joto limeshakatakata selulosi, karatasi imekuwa kahawia na inavunjika ikikunjwa. Masizi nayo yana asidi yake. Kisha kuna maji ya zimamoto.  Aprili 18, 2021, moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, na ghala za chini zikaingia maji. Hapo ni kuharakisha, maana ukungu huweza kuota ndani ya siku mbili tatu. Vilivyolowa sana hugandishwa, halafu barafu huondolewa ikiwa mvuke ndani ya chombo cha ombwe. Masizi hufutwa kwa sifongo kavu ya mpira. Kitambaa kibichi huyazamisha ndani ya karatasi.

Ndipo huja suala la boksi. Lisilo na asidi leo laweza kuwa nayo baadaye, kwa kuwa karatasi iliyoungua huendelea kuizalisha, na hewa ya mjini huongeza. Inatakiwa alkali ya ziada, ikae tayari kuitangua asidi kila inapojitokeza. Kwa karatasi ya kudumu, kiwango cha ISO 9706 kinataka alkali hiyo isipungue kiasi kinacholingana na kalsiamu kaboneti asilimia 2.

Tuiiteje? "Bafa" ni neno la darasa la kemia, halimsaidii mtunza nyaraka. "Hifadhi ya alkali" inachanganya: hifadhi ni ya wanyama, kama Mikumi, na ni ghala lenyewe pia. Mimi nachagua akiba ya alkali, kwa kuwa akiba hutumika, hupungua, na ikiisha boksi hubadilishwa.

Haifai kila kitu, lakini. Ramani za zamani za majengo, zile za buluu, hupauka zikigusana na alkali, na majalada ya ngozi nayo hayaipendi. Wala mtu asidhani mfuko wa saruji ya Wazo utafanya kazi hiyo: ikipata unyevu huwa kali kiasi cha kuchubua mikono ya fundi.