"Walijua hatari": historia ya utetezi mmoja hadi mashimo ya Rubaya

Mwishoni mwa Januari 2026 mvua iliporomosha machimbo ya koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo. Mamlaka ya waasi wa M23, wanaoushikilia mji huo tangu Aprili 2024, ilisema waliokufa wamepita 200: wachimbaji, wanawake wa sokoni, watoto. Maafa kama haya yakitokea, anayeuliza habari za fidia hujibiwa upesi kwamba marehemu walijua hatari na hakuna aliyewalazimisha kushuka.

Jibu hilo ni la kale. Ulpian, mwanasheria wa Kirumi, aliandika kwamba aliyeridhia tendo hawezi kusema amedhulumiwa nalo. Uingereza mwaka 1837, katika kesi ya Priestley dhidi ya Fowler, mtumishi wa mchinjaji alivunjika paja juu ya gari lililozidishiwa mzigo. Jaji Lord Abinger akamnyima fidia, akisema mtumishi anayeona hatari anaweza kuikataa kazi. Miaka mitano baadaye mahakama ya Massachusetts, Marekani, ikaongeza kuwa hatari ya kazi imekwisha kulipwa ndani ya mshahara. Wenye viwanda, reli na migodi wakapata ngome.

Ngome hiyo ilitikiswa mwaka 1891 na mtu wa mawe. Smith alikuwa akitoboa mwamba huku winchi ikipitisha mawe juu ya kichwa chake, hadi moja likamwangukia. Katika shauri lake dhidi ya Baker, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kuwa kuijua hatari si kuiridhia. Natamani hukumu hiyo isomwe kwa sauti kwenye kila mlima wa Masisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hajakubali kitanda kimwangukie.

Ubelgiji, iliyokuja kuitawala Kongo, ilitunga sheria ya ajali za kazini tarehe 24 Desemba 1903. Kwa Kongo, amri ya 30 Julai 1888 ilikwisha kuweka msingi ambao haujafutwa: kifungu cha 258 kinamtaka kila aliyeleta madhara kwa kosa lake ayalipe. Katika mapokeo hayo ya sheria, kukubali hatari hupimwa zaidi kama kosa la aliyeumia, ambalo linaweza kupunguza fidia. Mwaka 1961 ukaja mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, leo CNSS, kumlipa aliyeumia kazini.

Tatizo ni kwamba CNSS humtafuta mtu mwenye mkataba. Kivu ilikuwa na watu hao enzi za kampuni ya Minière des Grands Lacs, kisha kampuni ya bati ya SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Mwaka 1982 Rais Mobutu aliwaruhusu raia kuchimba madini ya thamani wenyewe, mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na SOMINKI haikuinuka tena. Kilimani pakabaki sururu na watu wasio na mwajiri. Kasiteriti, yaani mawe ya bati, ilipogunduliwa Bisie, wilayani Walikale, mwaka 2002, maelfu walimiminika msituni. Huko mwenye shimo huitwa PDG: hutoa chakula na vifaa, na mchimbaji hupata fungu la mawe. Udongo ukimfunika, PDG husema hakuajiri mtu. Bisie hiyo hiyo leo ina mgodi wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji mwaka 2019, na mwenye mkataba humo analindwa na sheria ya kazi.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 285 bis kinamtaka mwenye haki ya mgodi alipe madhara yatokanayo na shughuli zake hata pasipo kosa wala uzembe wake, isipokuwa athibitishe kuwa chanzo kiko nje ya kazi yake. Mbele ya maneno hayo, "walijua hatari" haitoshi. Lakini kifungu kinamtaja mwenye hati. PDG na mnunuzi wa mawe wanapita pembeni.

Bunge la Kinshasa liwataje hao nao, na mchimbaji wa mkono aandikishwe CNSS kwa makato yanayotozwa kwenye kila gunia linaloshuka mlimani.