Sanamu ya Nuru

Je, yawezekana sanamu ya nuru isimame hewani, watu wakaizunguka? Mwaka 1947 Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Uingereza, alibuni njia ya kuhifadhi umbo zima la kitu kwa nuru. Leza ya mwaka 1960 ikaikamilisha. Lakini sanamu hiyo huonekana kwa atazamaye bamba lake tu, kwani nuru haigeuki njia hewani pasipo kitu cha kuigeuza. Panda Kikima usiku wa ukungu, uwashe tochi: mwali waonekana, maana matone ya maji huurudisha machoni. Ukungu ukiondoka, mwali hauonekani. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani waliendesha chembe moja kwa nuru, wakachora nayo picha ndogo hewani. Basi yawezekana, ila nuru haina budi kupata pa kutua.