Historia ya Ile Vumbi Nyeusi Kwa Rimu

Wasee, angalieni rimu za mbele za gari yoyote ya familia. Fielder, Demio, Probox, chagua tu. Zimejaa unga mweusi, na za nyuma ziko na afadhali. Wengi hudhani ni uchafu wa barabara. Zii. Sehemu kubwa ya ule unga ni breki zenyewe, pedi na diski zikisagana kila mara mzee anapokanyaga. Mbele kunachafuka zaidi kwa sababu ukishika breki uzito wa gari unaegemea huko.

Pedi imeundwa iishe ili gari isimame. Ikiwa mpya, nyama yake huwa na unene wa karibu milimita 10 hadi 12. Ikibaki 3, ng'oa. Sasa swali ambalo sijawahi kuona kwa video za magari: zile milimita zingine huenda wapi, na nani huzivuta kwa pua?

Tuanze Ujerumani, Agosti 1888. Bertha Benz alichukua gari ambalo mumewe Karl alikuwa ameunda, bila kumwambia, akabeba wavulana wake wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine 13, akatoka Mannheim kwenda kwa mamake Pforzheim. Ni zaidi ya kilomita 100, na wakati huo hakuna mtu alikuwa amesafiri hivyo kwa gari. Breki zilikuwa vipande vya mbao vikisugua gurudumu. Kwa miteremko vikaanza kuisha. Bertha hakungoja injinia. Alitafuta fundi viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya zile mbao. Kwa hivyo fundi wa kwanza wa breki za gari alikuwa mtu wa viatu, na aliyetoa wazo alikuwa mathe wa watoto watano baadaye, wawili wakiwa ndani ya gari siku hiyo. Hiyo story inanibamba sana.

Uingereza nako, Herbert Frood, jamaa wa milima ya Derbyshire, alianza kutengeneza vitu vya kusugulia breki mwaka 1897. Inasimuliwa kwamba aliona wakulima wakikwamisha viatu vizee kwa breki za mikokoteni ili isiwakimbie kwa mteremko. Kampuni yake ilikuja kuitwa Ferodo, jina lililotoka kwa Frood lenyewe, na mpaka leo unaliona kwa maboksi ya spea. Alijaribu nywele, pamba, lami. Shida ilikuwa moto. Breki haimezi mwendo, inaugeuza kuwa joto, na ukiongeza spidi mara mbili, kutoka 50 hadi 100, nguvu ya kuuawa inakuwa mara nne. Pamba inaungua tu. Ulizeni yeyote ambaye ameshuka Mai Mahiu nyuma ya lori akasikia ile harufu.

Ndipo asbesto ikaingia, mnamo 1908 hivi. Ni jiwe, lakini jiwe lenye nyuzi unazoweza kusokota kama pamba. Haliungui. Bei rahisi. Kwa mtu wa breki, hiyo ilikuwa kama zawadi. Kufikia katikati ya karne, karibu kila gari lilisimama kwa asbesto. Wengi wenu mnaijua kwa zile paa za zamani za estate na shule. Ilikuwa pia chini ya gari ya guka.

Historia za magari zikifika hapa huruka haraka kwenda kwa ushindi: Jaguar yenye breki za diski ikishinda Le Mans 1953, Citroën DS ikizileta kwa gari la kawaida 1955. Sawa, ni poa. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, mji wa Rochdale, kwa dada anaitwa Nellie Kershaw.

Nellie alianza kazi ya asbesto akiwa msichana, na baadaye akasokota nyuzi zake kwa kiwanda cha Turner Brothers. Mapafu yakamharibikia. Daktari akaandika kwamba ni kazi ndiyo inamuua. Kampuni ikakataa kulipa fidia. Akafa Machi 14, 1924, akiwa na miaka 33. Daktari William Cooke akachunguza mapafu yake, akakuta chembe za asbesto ndani, akachapisha ripoti mwaka huo huo. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1920, Ferodo ikanunuliwa na kundi la Turner & Newall, yaani familia moja na kile kiwanda cha Nellie. Nyuzi zilizomuua na breki za magari zikawa biashara ya nyumba moja.

Mwaka 1931 Uingereza ikaweka sheria za vumbi la asbesto. Lakini soma vizuri: zililenga viwanda. Makanika wa gereji, anayefungua dramu na kupuliza unga kwa upepo wa kompresa, hakuwa kwa hiyo picha. Marekani, taasisi ya serikali inayochunguza usalama wa wafanyakazi, NIOSH, ilitoa onyo kuhusu mafundi wa breki na klachi mwaka 1975. Hesabu: miaka 51 baada ya Nellie.

Kuna watu walijitetea kwamba joto la breki huharibu nyuzi nyingi kabla hazijatoka. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ila si zote huharibika, na fundi anaposaga shuu mpya ili ikae vizuri kwa dramu, hapo hakuna joto lolote limepita. Utetezi kama huo huandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari.

Uingereza ilipiga marufuku 1999. Marekani ilingoja hadi Machi 18, 2024 kutangaza mwisho wa asbesto aina ya krisotili, breki zikiwemo. Kutoka kifo cha Nellie, hiyo ni miaka 100 na siku nne.

Pedi nyingi za sasa hazina asbesto. Zina chuma, resini, wakati mwingine shaba, na hiyo nayo California ilianza kuibana kisheria 2010 kwa sababu inaoshwa na mvua hadi mitoni na kudhuru samaki. Ulaya nayo, kwa kanuni za Euro 7, imeweka kikomo cha vumbi la breki kwa mara ya kwanza: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo. Samaki na hewa ya mji wamepata mtetezi. Kijana wa miaka 19 aliye gereji ya mtaa bado anapuliza dramu kwa kompresa, wengine kwa mdomo, halafu anapangusa uso na ovaroli ileile.

Boksi la spea linaweza kuandikwa chochote, na pedi feki hazikosi. So mkipeleka gari ya mathe kubadilishwa pedi, bebeni chupa ya maji yenye sabuni kidogo, ile ya kupuliza. Mwambieni fundi alowanishe kila kitu kwanza, apanguse kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwa karatasi ya plastiki na kitupwe. Kompresa ibaki ya magurudumu. Atawacheka. Mwache acheke, lakini alowanishe.